Kutoka Mbeya Hadi Matema kwa Wasaa

Kila mwaka, masika yanapoanza kukata na watu kuanza kuhesabu siku zao za likizo, hunijia swali lile lile kwa sauti mbalimbali: "Tunataka kuiona milima ya kusini na Ziwa Nyasa kwa gari, tuna siku mbili, tuanzie wapi?" Nimezoea kuwajibu waulizaji mmoja mmoja, na kila mmoja nimemwambia kwanza neno ambalo hakupenda kulisikia, kwamba siku mbili hazitoshi, na maadamu maswali hayapungui, nimeona ni bora niyaweke majibu yangu yote mahali pamoja, ili anayetaka kwenda ayasome kabla ya kukodi gari, si baada ya kurudi na masikitiko.

Safari ninayoizungumzia ni ile ianzayo Mbeya mjini, ikapanda safu ya Uporoto, ikapita kando ya Mlima Rungwe, ikatua Tukuyu kwenye chai na migomba, kisha ikateremka bonde la Kyela mpaka Matema, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Njia yote ni yapata kilometa 150, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa dereva mwenye haraka aweza kuimaliza kabla ya adhuhuri na abiria wake wasijue kuwa wamepita mahali. Katika kilometa hizo chache mtu hutoka kwenye viazi na pareto, juu ya mita 2,000, ambako asubuhi ya Julai pumzi huonekana kama moshi, akafika kwenye kokoa na mpunga, ukingoni mwa ziwa ambalo uso wake uko mita 475 hivi juu ya bahari. Ni nchi kadhaa zilizopangwa kama ngazi, na ngazi hushukwa daraja kwa daraja.

Mimi mwenyewe nilikosea mara ya kwanza. Nilimchukua shangazi yangu pamoja na watoto wanne, tukaondoka Mbeya saa mbili asubuhi tukiazimia kuona kila kitu na kulala Matema siku ile ile. Ukingoni mwa Ziwa Ngosi, juu ya Uporoto, tulifika saa nane mchana, ukungu umekwisha funika, tukasimama tukitazama weupe mtupu. Daraja la Mungu, lile tao la mwamba juu ya Mto Kiwira, tuliliona kwa dakika kumi. Na Matema tuliingia usiku, watoto wamelala na shangazi hasemi na mtu. Asubuhi yake, ndiyo kwanza tumeuona uzuri wa ziwa, ilitupasa kuondoka. Yote nitakayoyaeleza hapa yametokana na kosa lile na safari nyingi zilizofuata.

## Chagua majira kabla ya kuchagua gari

Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa katika Tanzania, na mvua hiyo huanza Novemba ikaendelea hata Mei. Kwa mtu aendaye mara ya kwanza, hasa akiwa na wazee au watoto, rai yangu ni kiangazi, nacho kina sehemu zake:

- Juni na Julai: hewa ni safi na milima huonekana mbali, lakini baridi ya juu ni kali, na ziwani upepo wa kusini huvuma kwa nguvu.
- Agosti: kwa maoni yangu ndio mwezi bora; njia zimekauka na baridi imeanza kulegea.
- Septemba na Oktoba: njia ni nzuri, lakini watu husafisha mashamba kwa moto, na aghalabu moshi huvaa milima kama shela.

"Je, maua ya Kitulo?" Hilo ni swali la watu wengi, na jibu lake halipatani na ushauri niliokwisha kuutoa. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao ulitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, huchanua kuanzia Desemba hata Aprili, yaani katikati ya mvua. Humo mna aina zaidi ya 40 za okidi, na baadhi zake zilikuwa hatarini kwa sababu viazi vyake vilichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, vikapikwe chakula kiitwacho chikanda. Mwenye shauku ya maua na aende majira hayo, akubali matope, na aitengee Kitulo siku yake pekee; njia ya kupandia Isyonje ndiyo iliyo karibu na safari yetu, na ile ya Chimala na Matamba, yenye kona zake mashuhuri 57, ni ya dereva mzoefu na mchana mkavu. Kuibandika Kitulo katika siku ya Ngosi ni kuziharibu zote mbili.

## Hesabu siku zako kutoka Jumamosi kurudi nyuma

Jirani na Matema pana kijiji cha Lyulilo, ambako kila Jumamosi huwa kuna gulio la vyungu. Wanawake wa Kikisi, wanaofinyanga kwa mikono huko Ikombe na vijiji vingine vya mwambao, huleta kazi yao kwa mitumbwi, na wanunuzi huja kutoka mbali. Gulio hilo halitakungoja wewe. Basi lifanye kuwa nguzo ya safari, na siku nyingine zote zihesabiwe kwa kurudi nyuma:

- Jumatatu: kufika Mbeya, kupumzika, kuonana na kiongozi, kununua mahitaji.
- Jumanne: Ngosi asubuhi, kulala Tukuyu.
- Jumatano: Daraja la Mungu na Kijungu, bila kuongeza kitu kingine.
- Alhamisi: mashamba ya chai na Ziwa Masoko, au kutofanya lolote.
- Ijumaa: kuteremka Kyela na kufika Matema kabla ya alasiri.
- Jumamosi: gulio.
- Jumapili: ziwani. Jumatatu: kurudi.

Najua wengi hawana siku nane. Mwenye siku tano na aondoe Alhamisi, aunganishe kazi za Mbeya na jioni ya kufika, na arudi Jumapili. Lakini vitu viwili asiviguse, navyo ni asubuhi ya Ngosi na usiku wa pili wa Matema. Mwenye siku mbili na aende Tukuyu tu, alale, atembee kwa miguu kati ya migomba, arudi. Atakuwa ameona zaidi ya yule aliyekimbilia ziwani.

## Kiongozi: umpateje, umuulize nini

"Kwa nini nimlipe mtu ilhali simu yangu yaonyesha njia?" Simu itakuonyesha barabara, na barabara kuu si ngumu kuijua. Haitakuambia kwamba mti umeanguka jana kwenye njia ya msituni, wala kwamba lango fulani halipitwi bila kubisha hodi, wala ni kijia kipi kati ya vitatu kinapanda ukingoni na kipi kiliachwa na wakata kuni. Zaidi ya hayo, mwenyeji huona pale ambapo mgeni hutazama tu. Katika misitu ya Rungwe anaishi kima mwenye manyoya marefu, kipunji, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza duniani mwaka 2005, wakati wawindaji Wanyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina lake tangu zamani. Na ni maneno ya wawindaji hao yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta. Si ahadi kwamba utamwona, kwa kuwa ni adimu na mwenye haya. Nataka ujue tu thamani ya mtu aliyezaliwa mahali.

Ushauri wangu ni kumpata kiongozi mmoja wa safari nzima, mkazi wa Mbeya au Tukuyu, ajuaye Kinyakyusa, na kisha, pale kijiji kilipo na utaratibu wake, kumlipa pia kijana wa mahali. Usione kuwa umelipa mara mbili; yule wa kwanza hukuunganisha na watu, na yule wa pili anakijua kijia chake kama mlango wa kwao. Kabla ya kukubaliana, muulize kwa adabu:

1. Mara ya mwisho ulipanda Ngosi lini, na njia ilikuwaje?
2. Ada zipi zimo ndani ya ujira wako, zipi nitalipa mwenyewe, na risiti hutolewa na nani?
3. Ukungu ukitukuta katikati ya msitu, tutafanya nini?
4. Chakula chako na malazi yako ni juu ya nani?
5. Ni nani uliyewahi kumwongoza ambaye naweza kumpigia simu?

Swali la tatu ndilo lipimalo mtu. Ajibuye kwamba ukungu si kitu na tutafika tu, mshukuru na umwache aende. Ajibuye kwamba tutasubiri, na usipoondoka tutarudi, huyo mshike.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara kwa wageni juu ya viongozi wao ni haya:

- Kulipa ujira wote mwanzoni. Toa sehemu, na iliyobaki uitoe siku ya mwisho, mbele ya mwingine.
- Kubishana bei mpaka heshima inaondoka. Fedha uliyoipunguza siku ya kwanza utailipa kwa kimya chake siku sita.
- Kumketisha nyuma kabisa, kati ya mizigo. Kiongozi na akae mbele, karibu na dereva, ambapo anaona na anasikika.
- Kumpa orodha ya mahali na saa zake, kama karani apangaye mikutano. Mwambie unapenda nini, kisha mwache achague pa kusimama.

Mwombe akufundishe pia maamkizi. Asubuhi, Mnyakyusa humwuliza mwenziwe "ugonile", na "ndaga" ni neno la shukrani ambalo utalisikia kutwa nzima. Mgeni alitumiaye hufunguliwa uso wa bashasha. Kwa mzee, shikamoo haikosi mahali. Na unapotaka kuuliza njia, teremka garini, amkia, ngoja ujibiwe, ndipo uulize. Kumpigia honi mtu mzima na kumwuliza kupitia dirishani ni ufidhuli.

## Gari na dereva

Gari dogo lenye hali nzuri hutosha kwenye lami, na lami inakufikisha Tukuyu, Kyela, na kutoka Kikusya kupitia Ipinda mpaka Matema. Gari la juu linahitajika kwa vijia vya pembeni, na kwa kila kitu wakati wa mvua. Lakini aina ya gari si jambo kubwa kama mapatano na dereva. Sharti langu ni moja, nami nimelithibitisha mara nyingi: dereva alipwe kwa siku, asilipwe kwa safari. Dereva wa safari kila dakika unayosimama anaihesabu kuwa hasara yake, naye atakuharakisha bila yeye mwenyewe kukusudia. Dereva wa siku hukunja kiti chake akalala kwa amani, ilhali wewe unatazama mlima.

Kabla ya kutoka Mbeya, hakikisha haya pamoja naye:

- Breki zimeangaliwa na fundi, si kwa maneno bali kwa macho yako. Njia hii ina miteremko mirefu, na magari ya mizigo yaendayo Malawi kupitia Kasumulu hupita humo mchana na usiku.
- Anashuka kwa gia ndogo, bila kukanyaga breki mfululizo mpaka zinuke.
- Taa za ukungu zinawaka, na vipangusio vya kioo vinafanya kazi hata kiangazi.
- Gurudumu la akiba lina upepo, na jeki ipo. Utashangaa ni mara ngapi kimoja huwapo bila kingine.
- Tenki limejaa, na litajazwa tena Tukuyu au Kyela.

Usisafiri usiku. Nalisema bila kulizungusha, kwa sababu juu ya Uporoto ukungu na giza vikikutana, lori lililoharibika huegeshwa barabarani na alama yake ni tawi la mti tu. Hadi uone tawi, umekwisha kufika.

Asiye na gari naye asikate tamaa, maana Coaster ziendazo Tukuyu na Kyela ni nyingi. Atakachokosa ni kusimama njiani. Basi na akae siku moja zaidi Tukuyu, atumie bodaboda kwa matembezi ya karibu, avae kofia ngumu, na asipande wakati wa mvua.

## Mzigo

Kosa kubwa ni kufungasha nguo za nchi moja. Watu wa pwani huja na mashati mepesi wakatetemeka huko juu Isongole. Watu wa Mbeya huja na makoti mazito wakateseka Kyela. Chukua:

- sweta moja zito na koti la mvua hata wakati wa kiangazi; mitumba ya Mbeya itakusitiri ikiwa umesahau;
- viatu vyenye meno chini, si raba laini;
- nguo nyepesi za mikono mirefu kwa jioni za ziwani, pamoja na dawa ya mbu;
- fedha taslimu, zilizochukuliwa Tukuyu au Kyela, kwa kuwa vijijini usitegemee benki;
- maji, na mfuko wa kurudishia taka zako zote.

## Ngosi

Ngosi ni ziwa lililojaa ndani ya kasoko ya volkano, kileleni mwa Uporoto, lenye urefu wa zaidi ya kilometa mbili, na halina mto unaotoka. Njia ya kwendea inaachana na barabara kuu ya Tukuyu upande wa kulia kwa mtu atokaye Uyole, kisha ni kijia cha msituni ambacho mtu wa kawaida hukipanda kwa muda wa saa moja mpaka saa moja na nusu.

Toka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi. Jua la asubuhi huliwahi ziwa kabla mawingu hayajakusanyika, na saa nne ukingoni ina thamani kubwa kuliko siku nzima ya kuja alasiri. Msitu wenyewe usiufanye kizuizi kati yako na ziwa, kwa maana una migomba-mwitu yenye majani mapana kama mikeka na miti yenye umbo la mwavuli. Na ukiwa na kiongozi mwenye macho, huenda akakuonyesha kinyonga wa pembe tatu wa milima hii, atembeaye kwa hadhari ile ambayo ningependa wasafiri wote wawe nayo.

Ufikapo juu, msitu hukatika ghafula, na chini sana utaona maji ya kijani yametulia kati ya kuta za mawe na miti. Kaa. Usipige picha tatu ukageuka. Rangi ya maji hubadilika wingu linapopita, na sauti za ndege hupanda kutoka chini zikiwa zimepoa. Inahitaji nusu saa ya kimya kabla macho hayajakizoea kile kina.

Tahadhari zangu ni hizi:

- Usiteremke majini. Ukuta ni mkali, ardhi ni tepetepe, na kupanda tena kumewashinda vijana wenye nguvu.
- Washike watoto mkono ukingoni. Nyasi huficha mwanzo wa korongo.
- Mtu mwenye magoti mabovu au shinikizo la damu na abaki chini na mwenzake, wala asionewe haya. Shangazi yangu hukaa kwa mama mmoja auzaye viazi, na hurudi na habari nyingi kuliko sisi.
- Wazee wa huko huliheshimu ziwa hili na wana masimulizi yake. Mwachie kiongozi ayasimulie kwa wakati wake, na usipige kelele wala kutupa mawe majini.

"Na Mlima Rungwe je?" Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ni safari ya kutwa nzima na ya watu wenye mazoezi. Chagua mmoja: Ngosi au Rungwe. Anayepanda yote miwili katika siku mbili zinazofuatana atafika ziwani akiwa mgonjwa.

## Kiwira na Tukuyu

Daraja la Mungu ni tao la mwamba lililojengeka lenyewe juu ya Mto Kiwira, kutokana na zaha iliyopoa. Na karibu yake pana Kijungu, ambapo mto mzima huingia katika shimo la jiwe lililochongwa na maji kama chungu, ukazunguka kwa hasira, ukatoweka chini ya mwamba. Mahali hapa pako jirani na Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo fuata utaratibu wa kujiandikisha, lipa panapolipwa, na usielekeze kamera kwenye majengo wala watu mpaka umeruhusiwa. Kosa la hatari ni kusimama mdomoni mwa Kijungu ili kupata picha. Mawe yale yana utelezi hata jua likiwaka, na atakayeanguka hapatikani.

Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg na wakaijengea boma, ni mji wa kukaa. Pata nyumba ya wageni yenye maji ya moto, uliza mapema na uyaguse mwenyewe, maana saa moja usiku si wakati mzuri wa kugundua kwamba hayapo. Kula ndizi, maharage, parachichi na mtindi. Tembea jioni juu ya vilima ambavyo chai imevifunika kama zulia lililopigwa pasi. Wachuma chai wako kazini na hulipwa kwa uzito wa majani, hivyo usiwasimamishe. Amkia, omba ruhusa ya picha, ukikataliwa pita.

Ziwa Masoko, dogo na la mviringo, liko kusini mashariki ya mji, na ukingoni mwake lasimama jengo la mawe la askari wa Kijerumani ambalo baadaye liligeuzwa mahakama. Watu husimulia kwamba Wajerumani, waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walizamisha humo silaha na fedha, na sarafu za zamani zimewahi kuokotwa ufukoni. Huenda vijana wakakuletea sarafu za kununua. Usinunue: za bandia ni nyingi, na zile za kweli huenda zikawa mambo ya kale yenye sheria yake. Njia ya udongo iendeleayo kutoka Masoko kuelekea Ipinda ni ya mkato na ya kupendeza, lakini mvua ikiwa imenyesha hata jana, rudi Tukuyu ukashike lami.

## Kuteremka Kyela

Ondoka Tukuyu saa tatu, baada ya kunywa chai kwa raha, kwa kuwa siku hii haina mbio. Mwombe kiongozi akusimamishe pale ambapo ziwa huonekana kwa mara ya kwanza, mbali na chini, likifanana na anga iliyoanguka. Vua sweta hapo. Masikio yataziba, watoto watalalamika, wape kitu cha kutafuna. Kokoa utaiona ikianikwa mbele ya nyumba, na harufu yake ni chachu kidogo, si tamu kama mtu adhaniavyo.

Mchele wa Kyela una sifa kote nchini kwa harufu yake, na kila msafiri hutaka kubeba. Ununue wakati wa kurudi, usiununue wakati wa kwenda. Na ununue kwa mtu aliyetambulishwa na kiongozi wako, kwa maana jina la Kyela huandikwa juu ya magunia mengi ambayo hayakutoka huko.

## Ziwani

Matema ina mchanga, maji safi, na nyuma yake ukuta wa Milima ya Livingstone unaoinuka moja kwa moja kutoka ufukoni, hata kivuli chake huchelewesha asubuhi. Mtu aliyetoka kwenye baridi kwa siku tatu hupatwa na wazimu wa furaha akakimbilia majini na nguo zake. Ngoja kwanza, uwaulize wenyeji mambo manne:

- Mamba. Hukaa zaidi kwenye midomo ya mito. Ogelea pale waogapo watu wa mahali, mchana, pamoja na wenzio.
- Kichocho. Jiepushe na maji yaliyosimama penye matete, na ukirudi nyumbani pimwa baada ya wiki kadhaa, hata kama huumwi.
- Malaria. Kyela si Tukuyu. Lala ndani ya chandarua, na ukipata homa ndani ya wiki zinazofuata, mwambie daktari ulikokuwa.
- Upepo. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 700, na mawimbi yake si ya bwawa. Toka na mtumbwi asubuhi, vaa jaketi la kuokolea, na mwenye mtumbwi akisema leo hapana, usimwongezee bei ili akubali.

Ukipata asubuhi tulivu, mtumbwi wa kwenda Ikombe ni matembezi mazuri kuliko yote niliyoyataja. Utawaona mafundi wakifinyanga kwa mikono yao, na utaelewa kwa nini chungu chao hakifanani na cha kiwandani. Jioni kula usipa au mbasa wa kuchoma, kwa wali wa huko huko.

## Kununua chungu na kukifikisha nyumbani

Siku ya gulio, tembea mara moja bila kununua, ukitazama. Kisha:

1. Chagua chungu, kiinue, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Mlio wa wazi ni dalili ya kuiva. Mlio mfu ni ufa usioonekana.
2. Tazama ndani kuelekea jua.
3. Uliza kama ni cha kupikia au cha maji, maana havifanani unene.
4. Kubaliana bei kwa upole, ukikumbuka kwamba mama huyu amechimba udongo, amefinyanga, amechoma kwa moto wa kuni, na amevuka maji alfajiri.

Usikifunge juu ya paa la gari. Nilipoteza viwili hivyo, kabla hata ya kufika Ipinda. Mwombe mwuzaji nyasi kavu na majani ya mgomba, kijaze nyasi ndani, kifunge majani nje kwa kamba, kisha kiweke sakafuni kati ya miguu ya mtu asiyelala njiani. Nyumbani, kabla ya kukitia moto kwa mara ya kwanza, kiloweke usiku kucha, uchemshe ndani yake maji ya pumba kwa moto mdogo, uyamwage, ukiache kikauke kivulini. Na siku ya pili pika humo maharage uliyoyabeba kutoka Tukuyu.